Mzigo wa kuthibitisha maradhi ya askari ubebwe na nani?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba pafukapo moshi pana moto. Aghalabu huitumia tunapozungumzia uvumi na siri za watu. Desemba iliyopita methali hiyo ilinijia kwa maana yake ya wazi kabisa, pale mtu mmoja niliyewahi kumfundisha alipopanda ngazi za orofa tatu hadi ofisini mwangu, akaketi, na kwa muda wa dakika nzima asiweze kunena neno. Alikuwa akitafuta pumzi kama mtu aliyetoka kwenye mbio za nyika, ilhali umri wake haujafika miaka 40.

Alikuwa mwanafunzi wangu katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha. Baada ya kuhitimu alipata viza kwa njia ya bahati nasibu, akaenda Marekani na, kama walivyofanya Wakenya wengine waliohamia huko, akajiunga na jeshi la nchi hiyo. Mnamo 2010 na 2011 alikuwa katika kambi moja ya kusini mwa Afghanistan. Karibu na mahema yao palikuwa na shimo kubwa ambamo taka zote za kambi zilichomwa: plastiki, betri, magurudumu, mabaki ya zahanati, hata kinyesi, vyote vikimwagiwa mafuta ya ndege ili viwake. Moshi haukukatika usiku wala mchana. Alitoka jeshini akijiona mzima. Miaka miwili baadaye madaktari walimwambia kuwa ana pumu.

Alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo, na mkobani mwake mlikuwa na fomu za kudai fidia ya ulemavu. "Mwalimu," akaniambia alipopata sauti, "nisaidie. Kiingereza cha watu hawa nakielewa, lakini sielewi wanataka niseme nini."

Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Waama, fomu aliyonionyesha ilikuwa fupi. Lililo refu ni historia yake, nayo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwa kawaida, askari wa zamani wa Marekani anayedai fidia hutakiwa kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba ana ugonjwa au ulemavu hivi sasa. Pili, kwamba kuna jambo lililompata alipokuwa kazini. Tatu, kwamba jambo hilo ndilo lililoleta ugonjwa huo. La kwanza huthibitishwa na daktari. La pili huweza kupatikana katika kumbukumbu za jeshi. La tatu ndilo lililowashinda wengi. Ni daktari gani atakayeapa kwamba saratani iliyoonekana mwaka huu ilitokana na moshi uliovutwa miaka 15 iliyopita? Moshi hauna risiti. Hakuna daftari linaloonyesha kila askari alivuta kiasi gani, siku gani, upepo ukitoka wapi.

Ili kuiondoa dhuluma hiyo, watunga sheria wa Marekani walitumia kile ambacho wanasheria hukiita dhana ya kisheria. Ikiwa askari alikuwa mahali fulani katika kipindi fulani, kisha akapatwa na ugonjwa uliomo katika orodha fulani, sheria inachukulia kwamba utumishi wake ndio uliomletea ugonjwa huo. Hatakiwi tena kuthibitisha kiungo kati ya moshi na pafu lake. Dhana hiyo yaweza kupinduliwa ukipatikana ushahidi wa kinyume, lakini mgonjwa hatumwi kuutafuta.

Fikira hii si ngeni kwetu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 50, inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Si kwamba majaji wanajua kuwa kila mshtakiwa ni mwema. Sheria imeamua tu, kwa sababu za haki, ni nani atakayeubeba mzigo wa ushahidi kati ya mtu mmoja dhaifu na dola yenye polisi, mawakili na fedha.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji ataniwia radhi nikitua kidogo kwenye neno. Nimesema "dhana", nikasema pia "inachukulia". Neno la kwanza lina kasoro, kwani katika mazungumzo ya kila siku kudhani ni kukisia tu, na mtu aweza kufikiri kwamba askari analipwa kwa kubahatisha. "Kuchukulia" lafaa zaidi. Ni kauli ya kutendea ya kitenzi "kuchukua", na kuchukua ni kubeba. Ndiyo maana mbeba mizigo huitwa mchukuzi. Kumchukulia mtu, basi, kuna maana mbili: kumhesabu kuwa hivi au vile, na kumbebea kitu chake. Sheria ninayoizungumzia hufanya yote mawili. Inamhesabu askari kuwa aliugua kazini, na kwa kufanya hivyo inambebea mzigo asiouweza.

Hata hivyo, haikuubeba upesi. Mwaka 1921, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Bunge la Marekani lilikubali kwamba askari aliyeonekana na kifua kikuu au maradhi ya akili katika muda uliowekwa baada ya kutoka jeshini achukuliwe kuwa aliyapata kazini. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Kisha ikaja Vietnam. Kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyizia misitu na mashamba ya nchi hiyo dawa za kuua mimea, mashuhuri zaidi ikiwa ile iitwayo Agent Orange, iliyokuwa na sumu ya dioksini. Askari walirudi kwao, wakaanza kuugua, wakaambiwa wathibitishe. Mwaka 1984 kampuni zilizoitengeneza dawa hiyo zilikubali kutoa dola milioni 180 kumaliza kesi ya maveterani, bila kukiri kosa. Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1991, miaka 20 baada ya unyunyizaji kukoma.

Hata baada ya hapo orodha ilikua kwa mwendo wa kobe. Kisukari cha aina ya pili kiliongezwa mwaka 2001. Ugonjwa wa moyo utokanao na kuziba kwa mishipa, pamoja na ule wa Parkinson, uliingia mwaka 2010. Mabaharia waliokuwa katika maji ya pwani ya Vietnam walikubaliwa kwa sheria ya 2019. Shinikizo la damu likangoja hadi 2022. Hebu msomaji apige hesabu: kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1968 alikuwa na miaka 74 shinikizo lake la damu lilipotambuliwa. Wangapi walizikwa wakiwa bado wanatafuta cheti cha daktari?

Vita vya Ghuba vya 1991 vilileta kisa cha ajabu zaidi. Askari wengi walirudi na uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, kuumwa na kichwa na kusahausahau, na madaktari hawakuwa na jina la kuyapa mambo hayo. Mwaka 1994 Bunge liliidhinisha fidia kwa maradhi yasiyotambulika. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kutafakariwa: sheria iliyozoea kudai jina la kila kitu ilikubali kwamba mtu anaweza kuumwa na kitu ambacho lugha ya madaktari haijakipa jina.

Hatimaye, tarehe 10 Agosti 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria ijulikanayo kwa kifupi kama PACT, iliyopewa jina la Heath Robinson, sajini wa Ohio aliyetumikia Iraq na kufariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Sheria hiyo iliongeza magonjwa zaidi ya 20 kwa waliovuta moshi wa mashimo ya taka na sumu nyingine: pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mkamba sugu, saratani za ubongo, figo, kongosho na mfumo wa kupumua, na mengineyo. Januari 2025 aina kadhaa za saratani ya damu na saratani ya kibofu ziliongezwa. Orodha ya nchi inazo Iraq, Kuwait, Saudia, Oman na Afghanistan. Msomaji wa Kenya, hata hivyo, atashtuka kidogo kuona kwamba Djibouti imo, na Somalia imo pia, kwa yeyote aliyetumikia huko tangu tarehe 2 Agosti 1990. Nitarejea Somalia baadaye.

Tulipofika hapo, mgeni wangu aliona kwamba kazi imekwisha. Alikuwa Afghanistan, ana pumu, pumu imo orodhani. Kwa nini basi ajisumbue kuandika maelezo? Nikamwambia kwamba dhana ya kisheria haijisemei. Hakuna anayebisha hodi mlangoni kwa mgonjwa kumletea fidia asiyoiomba.

Kuna, kwanza, suala la tarehe. Anayekusudia kudai huweza kuiarifu Idara ya Maveterani kusudio hilo kabla hajakusanya karatasi zote. Akifanya hivyo hupewa mwaka mmoja wa kukamilisha dai, na dai likikubaliwa, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku aliyotoa arifa. Wengi hupoteza miezi ya haki yao kwa kungoja faili linenepe. Pili, lazima iwepo hati ya kuachiwa jeshini inayoonyesha alitumikia wapi na lini, na jinsi alivyoachiwa, maana aliyefukuzwa kwa fedheha hana lake. Tatu, lazima daktari awe ameutambua ugonjwa. Nne, na hapa ndipo watu hujikwaa, huja uchunguzi wa kitabibu na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ambayo husaidia kupima ulemavu umefika daraja gani, kuanzia sufuri hadi asilimia mia moja, kwa hatua za kumi kumi. Kukubaliwa kwamba pumu ilitoka jeshini ni jambo moja. Kukubaliwa kwamba pumu hiyo imemnyima mtu kazi na usingizi ni jambo jingine.

Fauka ya hayo, vyama vya maveterani humsaidia mtu kutayarisha dai bila malipo, na sheria ya shirikisho haimruhusu yeyote kutoza ada ya kutayarisha dai la kwanza. Nayasema haya kwa sababu mgeni wangu alikuwa tayari amefuatwa kwa simu na watu waliotaka sehemu ya fidia yake kabla hata hajaiomba. Aliyekataliwa zamani, kabla ya ugonjwa wake kuingizwa orodhani, anaweza kudai upya. Asiyeridhika na uamuzi ana mwaka mmoja wa kuupinga bila kuipoteza tarehe yake ya kwanza. Ambaye ugonjwa wake haumo orodhani hajafungiwa mlango, ila itambidi aubebe ule mzigo wa tatu mwenyewe. Na wajane wa waliofariki kwa maradhi hayo wana dai lao la kando. Malipo hayo humfuata mtu popote anapoishi, hata kama ni Eldoret au Kisii.

Nikamwomba anionyeshe maelezo aliyokuwa ameandika. Yalikuwa mistari minne. Kwa Kiswahili yalikuwa yakisema hivi: "Namshukuru Mungu naendelea vizuri. Nina tatizo dogo la kifua, hasa wakati wa baridi, lakini najitahidi."

"Tatizo dogo?" nikamwuliza. "Ndilo lililokukalisha kitini pale hujui hata kunisalimu?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

Sikumlaumu, kwa kuwa naijua lugha iliyomlea. Salamu yetu kuu imejengwa juu ya kukanusha shida. Hujambo ni kuuliza kama mtu hana jambo; sijambo ni kujibu kwamba hana. Jibu hilo hutolewa hata pale jambo lipo na limejaa nyumba. Nimewahi kufika kwenye matanga nikaamkiwa na mfiwa mwenyewe: "Hatujambo, ila tumefiwa na baba." Huo ni ustaarabu wetu, na siutaki ufe. Huzuni hutanguliwa na shukrani, na mtu mzima hamwagi maumivu yake mbele ya asiyemfahamu. Lakini katika chumba cha uchunguzi cha daktari wa kigeni, ustaarabu huo huwa ushahidi dhidi yako. Daktari anauliza, u hali gani leo? Mkenya anajibu, salama tu. Neno hilo linaandikwa, na hakuna tanbihi inayoeleza kwamba huyu ni mtu wa kwao, asingeweza kujibu vingine. Mgeni wangu alinisimulia kwamba ndivyo alivyojibu mwenzao mmoja kutoka magharibi mwa Kenya, na ripoti yake ikasema kuwa mgonjwa anajihisi vyema.

Tuliketi adhuhuri nzima. Nilimtaka aache sifa na vivumishi, aseme matendo na idadi. Anaamka mara ngapi usiku? Mara tatu au nne, na huketi kitandani hadi kuche. Alilazwa lini? Mara mbili katika mwaka uliopita, na karatasi za hospitali anazo. Aliacha kazi gani? Ya ghala, kwa kuwa hakuweza tena kuinua makasha. Kitu gani alikuwa akikipenda na sasa hakiwezi? Hapo alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba bintiye wa miaka sita humwomba wakimbizane uani, naye humwambia baba amechoka. Nikamwambia aandike hilo pia. Tukaandika barua nyingine, ya kumwomba mwenzake waliyelala hema moja aeleze alichokiona: shimo lilikuwa umbali gani, moshi ulikuwa ukiwafikia vipi, nani alikuwa akikohoa.

Nisieleweke vibaya. Sikumfundisha kutia chumvi. Kudanganya katika fomu kama hiyo ni kosa la jinai, na mwongo mmoja huwaharibia wagonjwa elfu. Nilimfundisha kutopunguza chumvi iliyomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kabla ya kifo kufika, jamaa zake huwa wameshalipa gharama ya adabu yake. Sheria ya Marekani yenyewe inaagiza kwamba ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka imwendee askari. Lakini hata mizani iliyo mwadilifu kiasi gani haiwezi kupima kilichoachwa nje ya kitanga.

Sasa nirejee Somalia, kama nilivyoahidi. Dhana hizi zina mpaka, na mpaka huo ni sare. Wanavijiji wa Vietnam waliomwagiwa Agent Orange walifungua kesi Marekani, na mwaka 2005 mahakama ya shirikisho mjini New York ikaitupilia mbali. Sumu ilikuwa ile ile, ngozi ndizo zilizotofautiana. Vivyo hivyo, askari wa Marekani aliyetua Mogadishu Desemba 1992 anachukuliwa leo kuwa alivuta kitu kilichoweza kumdhuru. Vijana wetu wa KDF waliingia nchi hiyo hiyo Oktoba 2011, wakafika Kismayu mwaka uliofuata, na wengi wao wamekaa huko kwa zamu baada ya zamu. Atakapotokea mmoja wao akiwa na pafu lililochakaa miaka 12 baada ya kurudi kwao Kitui au Nandi, nani atakayetakiwa kuthibitisha?

Siulizi ili kuilaumu serikali. Bunge letu nalo lilipitisha mwaka huo huo wa 2022 Sheria ya Maveterani wa Kijeshi, na hiyo ni hatua ya kushukuriwa. Nauliza kwa sababu sheria ya namna hiyo ni nyumba, na nyumba huwa na vyumba vya kuongezwa. Orodha ya mahali, orodha ya maradhi, na sentensi moja inayosema kwamba mwenye haya mawili achukuliwe kuwa aliumia kazini: hilo ni jambo ambalo wabunge wanaweza kuliandika mapema, majina yakiwa bado mabichi katika kumbukumbu na mashahidi wakiwa hai. Wamarekani walingoja miaka 20 kwa Vietnam. Hatulazimiki kuiga hata kuchelewa kwao.

Tunayo sababu yetu wenyewe ya kutochelewa. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na ule wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, ilichukua majina yake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wanaume wa nchi hizi walitiwa mizigo vichwani wakatembezwa mamia ya maili, na kati yao waliouawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kwa wengi wao hata ujira wa mwezi haukufika kwa jamaa zao, seuze fidia ya maradhi. Yule mchukuzi wa shaba aliyesimama pamoja na askari wawili kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue hakuwahi kupewa fomu ya kujaza. Alibeba mzigo wa jeshi, kisha akabeba ugonjwa wake mwenyewe hadi kaburini, na lugha yetu ikabaki na jina lake tu.

Mgeni wangu aliondoka jioni. Alishuka ngazi polepole, akipumzika kwenye kila orofa, fomu zikiwa zimejazwa kurasa sita badala ya mistari minne. Nilipomwuliza mlangoni, "Haya, u hali gani?" alianza kusema "sijambo", akakumbuka, akatabasamu. "Mwalimu," akasema, "kifua kinaniuma sana."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Kazi ya sheria njema ni kuujaribu mzigo huo begani kabla ya kuutolea hukumu, na kazi ya aliyeubeba ni kusema, bila haya, una uzito gani.